Homa Moja, Majina Matatu: Malaria, Taifodi na U.T.I. Katika Karatasi ya Maabara

Ndani ya daladala, kijiweni na kwenye foleni ya dirisha la dawa, mazungumzo ni yaleyale. Mmoja amekutwa na malaria mbili. Mwenzake anamwuliza kama alipima na taifodi, maana siku hizi hazikosi kuandamana. Wa tatu anaongeza U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwake imekuwa "sugu" tangu mwaka juzi. Kila mmoja ana karatasi ya maabara ya kuthibitisha, na kila mmoja ameshameza vidonge vya rangi zote.

Utata unakuja pale karatasi zinapogombana. Mgonjwa anapima zahanati ya kwanza, anaambiwa ana taifodi. Anavuka barabara hadi kituo cha pili, haonekani na kitu. Mtoto aliyemaliza dozi ya dawa mseto wiki iliyopita anatobolewa tena kidole, na kipimo kinaonyesha malaria ileile. Mwingine anaambiwa hana malaria, naye anaona kama amedhulumiwa, kwa sababu homa anayo na anaijua. Basi watu wanauliza: vipimo ni vibovu, matabibu wamegeuka wafanyabiashara, au magonjwa yenyewe yamebadilika?

Kila dhana kati ya hizo tatu ina chembe ya ukweli. Kuzipima kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Homa ilipokuwa malaria

Katika Kiswahili cha mtaani mpaka kati ya homa na malaria ni mwembamba sana. "Nahisi kama nina malaria" inaweza kuwa uchovu tu wa safari ndefu ya basi. Mazoea hayo hayakutokana na ujinga. Katika miaka ya 1980 na 1990 malaria ilikuwa imejaa katika maeneo mengi kiasi kwamba aliyekisia malaria alikuwa amekisia vizuri. Darubini zilikuwa chache, klorokwini ilikuwa rahisi na ipo kila duka, na malaria kali humuua mtoto upesi, wakati mwingine kabla ya siku ya pili. Shirika la Afya Duniani, WHO, lenyewe lilishauri kwamba kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kusubiri kipimo.

Mambo mawili yakauvuruga utaratibu huo. La kwanza, dawa zilianza kushindwa. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kushika dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini). SP nayo haikudumu, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo bei yake halisi iko mbali kabisa na ile ya klorokwini. La pili, malaria yenyewe ilipungua. Tafiti za kitaifa za mwaka 2007/08 zilikuta vimelea kwa watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa takriban 8. Wastani huo unaficha mengi. Kilimanjaro na Arusha ni chini ya mmoja kati ya 100, ilhali Tabora ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Homa ya Moshi na homa ya Tabora si kitu kimoja, ingawa zote zinaitwa kwa jina moja.

Mwaka 2010 WHO ikabadili msimamo: kila anayeshukiwa kuwa na malaria, mtoto au mtu mzima, apimwe kwanza. Vipimo vya haraka, vile vya tone la damu ya kidole na mistari miwili, vikaanza kusambazwa hadi zahanati za vijijini. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wengi waliokuwa wakitibiwa malaria hawakuwa na malaria.

Kinachosababisha homa kwa kweli

Ushahidi wa hapa nyumbani upo, tena wa kiwango cha juu. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika na homa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima karibu kila kitu kinachopimika. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yao ya virusi. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa 5.9, na taifodi 3.7. Yaani yale majina matatu yanayotawala karatasi za maabara, hata yakijumlishwa, yaligusa karibu mtoto mmoja kati ya watano. Waliobaki wengi walikuwa na mafua, kikohozi na virusi vingine ambavyo havihitaji dawa yoyote zaidi ya kushusha homa, maji mengi na mapumziko.

Kwa waliolazwa picha ni nyingine, na inatisha zaidi. Moshi, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria kama ugonjwa wao. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Takriban robo ya waliofanyiwa vipimo vyote walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda inayoenezwa na mkojo wa panya na mifugo, brusela ya maziwa mabichi, homa ya Q, homa za kupe. Hayo hayakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kuna kejeli ndogo hapa. Homa mbili zinazojulikana duniani kote zimebeba majina ya ukanda huu. Chikungunya ni neno la Kimakonde, lililoeleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Ugonjwa huo uligunduliwa kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Nalo jina dengue, wapo wataalamu wanaolihusisha na kidingapopo, jina lililotumika Zanzibar kwa homa ya namna hiyo tangu karne ya 19. Dengue ilizuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na tena 2019, ilipowapata maelfu. Hata hivyo mkazi wa jiji hilo anayepata maumivu ya viungo na macho hupewa malaria au taifodi kabla hajapewa kidingapopo.

Msimamo wa kwanza: tibu kwanza

Mbele ya homa kama hizi kuna misimamo minne. Kwanza, wapo matabibu, na wazazi wengi, wanaoamini kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa salama. Hoja yao ina uzito. Kipimo kinaweza kukosekana, vitendanishi huisha. Zahanati iko mbali, usiku umeingia, mtoto anachemka. Dozi ya dawa mseto kwa asiye na malaria haimdhuru sana, lakini kuikosa kwa mwenye malaria kunaweza kumuua. Pale ambapo mtoto mmoja kati ya watano ana vimelea, hesabu hiyo si ya kudharau.

Udhaifu wake ni kwamba jina la malaria likishaandikwa, utafutaji unakoma. Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali. Wenye vimelea kweli walikuwa chini ya nusu. Wale wasiokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango cha juu kuliko wenye malaria, takriban 12 kwa 100 dhidi ya 7, na theluthi nzima kati yao hawakupewa antibiotiki ambayo huenda ndiyo ingewaokoa. Kwa hiyo dai kwamba kukosea upande wa malaria hakuna madhara halisimami.

Kuna pia gharama ya pamoja. Vimelea vyenye dalili za kuistahimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda na mkoani Kagera. Kila dozi inayotolewa ovyo inazidi kuisogeza karibu siku ambayo dawa mseto itafuata njia ya klorokwini, na nyuma yake hakuna dawa nyingine iliyojipanga foleni kwa bei hiyo.

Msimamo wa pili: pima malaria, uyaamini majibu

Huu ndio msimamo rasmi wa Wizara ya Afya, na umefanya kazi kubwa. Vipimo vya haraka vilipoingizwa katika vituo vya Dar es Salaam, sehemu ya wagonjwa wa homa waliopewa dawa ya malaria ilishuka kutoka 75 hadi 20 kwa kila 100. Mabadiliko makubwa kiasi hicho ni nadra katika tiba.

Lakini katika vituo hivyohivyo, waliopewa antibiotiki walipanda kutoka 49 hadi 72 kwa kila 100. Kipimo kilimwambia tabibu kisicho ugonjwa. Hakikumwambia kilicho ugonjwa. Mbele yake amekaa mama aliyepanda bodaboda, aliyeacha biashara yake, na mtoto anayelia. Kumwambia "ni virusi, nenda nyumbani" kunahitaji ujasiri na muda, na tabibu mwenye wagonjwa 60 kwa siku ana uhaba wa vyote viwili. Kumwandikia amoksisilini kunachukua nusu dakika.

Kipimo chenyewe kina tabia ambazo wagonjwa hawaelezwi. Vipimo vingi vya haraka havimwoni mdudu mwenyewe. Vinatafuta protini anayoiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ndiyo maana mtoto aliyepona anapimwa tena na mstari wa pili unatokea, na familia inaambiwa malaria imekuwa sugu. Kwa aliyetoka kumaliza dozi, chombo sahihi ni darubini. Maelezo hayo yakitolewa siku ya kwanza yangeokoa dozi nyingi za pili na za tatu, na yanachukua muda mfupi kuliko kuandika cheti cha dawa.

Msimamo wa tatu: pima kila kitu

Soko lilijibu pengo hilo kwa njia yake. Kama malaria haipo, basi itafutwe nyingine, na vipimo vilivyo rahisi kupatikana ni viwili: Widal kwa taifodi, na mkojo kwa U.T.I. Mgonjwa anafurahi kwamba amechunguzwa. Maabara inapata kazi. Kituo kinacholipwa na mgonjwa au na bima kwa kila kipimo na kila dawa hakina sababu ya kiuchumi ya kusema vipimo viwili havihitajiki. Hakuna haja ya kumtafuta tabibu mwovu katika hadithi hii. Mfumo wa malipo unatosha kuieleza.

Haki itendeke: taifodi ipo. Inaenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na katika miji yenye vyoo vya shimo vinavyofurika kila masika isingeweza kukosekana. Ikicheleweshwa inaweza kutoboa utumbo. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo yapo, na kwa mtoto mchanga homa inaweza kuwa ndiyo dalili pekee. Tabibu anayeyafikiria hajakosea kuyafikiria.

Kosa liko kwenye vyombo. Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupambana na bakteria wa namna hiyo, na askari hao hukaa muda mrefu baada ya vita kwisha. Mtu aliyeugua miaka iliyopita, aliyepata salmonela ya aina nyingine, au hata mwenye malaria, anaweza kutoa majibu yanayofanana na ya mgonjwa wa leo. Ili kiwe na maana yoyote, damu ingepaswa kupimwa mara mbili, siku kadhaa zikipita katikati, ionekane kama kiwango kinapanda. Hakuna anayefanya hivyo. Kinachofanyika ni tone moja kwenye kigae, namba kama 1 kwa 160 inaandikwa, na mgonjwa anaibeba namba hiyo kama hukumu ya mahakama. Akirudi baada ya dozi bado ipo, kwa sababu zilezile, na anaanzishiwa sindano.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Kinachukua siku, kinahitaji vifaa vilivyoko hospitali chache, na bado huwakosa karibu nusu ya wenye ugonjwa. Ni rahisi kuona kwa nini kipimo kibovu cha dakika chache kinashinda sokoni.

Mkojo una kisa kinachofanana. Seli za usaha chache kwenye mkojo uliokingwa vibaya, bila kuachia ule wa mwanzo upite, zinatosha kuandikiwa U.T.I. Wanawake wengi hubeba bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na isipokuwa kwa mjamzito na hali chache maalumu, hawatakiwi kutibiwa. Dalili za kweli zinajulikana: kuungua wakati wa kukojoa, kubanwa kila mara, maumivu chini ya kitovu. Mtu mzima mwenye mafua na homa ambaye hana hata moja kati ya hizo ana sababu ya kuishuku "U.T.I. sugu" aliyoandikiwa. Mara nyingi kilicho sugu ni kipimo.

Bili ya haya yote inalipwa na wengi. Makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kabisa kwa idadi ya watu. Siprofloksasini na azithromaisini zinazotolewa kwa mafua ndizo zinazohitajika siku taifodi ya kweli itakapobisha hodi.

Msimamo wa nne: mwongozo kwenye kishikwambi

Njia mpya zaidi imejaribiwa Tanzania yenyewe. Tabibu anashika kishikwambi kinachomwongoza swali kwa swali: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika, ananyonya, shingo imekakamaa? Anaongezewa vifaa vya kupimia, vikiwemo kibano cha kidoleni cha kupimia oksijeni na kipimo cha CRP, protini inayopanda hasa mwili unapopambana na bakteria. Jaribio la Dar es Salaam lililohusisha watoto zaidi ya 3,000, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, lilikuta waliopewa antibiotiki kwa mwongozo huo walikuwa takriban 11 kwa 100, na walioshindwa kupona walikuwa wachache kuliko kwenye kundi lililotumia mwongozo mwingine wa kielektroniki. Katika vituo vilivyoendelea na mazoea yao, antibiotiki zilifika watoto 95 kwa 100. Jaribio kubwa zaidi, katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, lilizishusha kutoka 70 hadi 23 kwa 100.

Hizo ni namba za kutamanisha, na zinahitaji kutazamwa kwa jicho kavu. Majaribio huja na mafunzo, wasimamizi na vishikwambi vipya. Wakiondoka, umeme ukakatika na kifaa kikaharibika, tabia za zamani zina njia ya kurudi. Tena miongozo hiyo imetungwa kwa ajili ya watoto, na ule umati wa watu wazima wenye karatasi za taifodi haumo ndani yake.

Kwenye mizani

Kati ya misimamo hii minne, wa pili ndio msingi usioweza kuachwa. Kipimo cha malaria kwa kila homa, na majibu yakisema hapana, dawa ya malaria isitolewe. Ila nguvu ya neno "hapana" inategemea mahali. Moshi au Arusha linaweza kuaminiwa karibu bila shaka. Tabora au Kagera, kwa mtoto anayezidi kulegea, linastahili kurudiwa kwa darubini siku inayofuata. Mwongozo mmoja wa nchi nzima unaosomwa kwa sauti moja unaficha tofauti hii, na matabibu wa pande zote mbili wanaumia kwa sababu hiyo.

Msimamo wa kwanza unabaki na nafasi finyu: dalili za hatari, kipimo hakipo, hospitali ni mbali. Degedege, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu. Hapo sindano ya kwanza inatangulia na rufaa inafuata.

Msimamo wa tatu ndio dhaifu kuliko yote, ingawa ndio unaoongoza sokoni. Widal ya tone moja ingeweza kuondolewa kwenye orodha ya vipimo vinavyolipiwa na bima bila mgonjwa yeyote kupoteza kitu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaipa nchi nafasi ya kuamua kinacholipiwa na kisicholipiwa, na ni nafasi nzuri kuliko semina kumi za kuwaonya matabibu. Kwa taifodi yenyewe, maji, vyoo na chanjo vina faida kubwa kuliko kigae cha maabara. Kenya ilianza kutoa chanjo hiyo Julai 2025, kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14.

Msimamo wa nne unatoa kitu ambacho mingine haina: unamwezesha tabibu kusema hajui bado, akiwa na sababu ya kutoogopa. Lakini "sijui bado" ina mkia, nao ni "urudi keshokutwa homa isiposhuka". Mkia huo ndio unaokatika. Sera inamsamehe ada mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Haimlipii mama nauli ya safari ya pili, wala siku ya pili ya biashara iliyofungwa. Duka la dawa muhimu liko hatua chache kutoka mlangoni kwake, na huko hakuna anayeambiwa arudi keshokutwa.